Aliyeondoka Abaki na Ufunguo?

Swali lenyewe ni fupi. Mtu akiondoka kwenye kundi, kwa amani au kwa ugomvi, kwa basi la kurudi kwao au kwa ndege ya kwenda Marekani, je, ni haki waliobaki wabadilishe ufunguo ili asisikie tena wanayosema? Na anayeingia leo, ana haki ya kusoma yaliyosemwa jana kabla hajafika? Watu waliotengeneza mitambo ya mawasiliano walilijibu swali hili kwa hesabu. Sisi wa kambini tunalijibu kila wiki kwa hisia: huyu ni mtu wetu, mwacheni, yule ni mkorofi, mtoeni. Mimi naona katika jambo hili hesabu imetuzidi adabu. Lakini hesabu nayo ina mahali inapofika ikakwama, na hapo papo ndipo penye kazi yetu.

Nianze na ufunguo ni nini. Kwenye foleni ya chakula hapa Nyarugusu, wazee wa Fizi wakitaka kusema jambo ambalo wengine wasilielewe, wanatoka kwenye Kiswahili wanaingia Kibembe. Warundi nao wanafanya hivyohivyo na Kirundi. Hiyo ni namna ya kufumba maneno: sauti inasikika na kila mtu, maana inabaki kwa wachache. Ufunguo ni lugha yenyewe. Sasa angalia ubovu wa ufunguo huo. Mtu akishaujua haunyang'anyiki. Jirani aliyekaa na Wabembe tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 anaelewa kila kitu, anatazama pembeni tu kama hasikii. Na ukigombana na ndugu yako leo, huwezi kumwambia kwamba kuanzia kesho tutaongea Kibembe kingine usichokijua.

Mwaka 1883 Mholanzi mmoja aliyekuwa mwalimu Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika katika jarida la mambo ya kijeshi masharti ya kufumba ujumbe. Aliandika kwa Kifaransa, kwa hiyo wenzetu waliosomea Kongo wanaweza kumsoma bila mkalimani. Sharti lake lililopata sifa linasema usitegemee siri ya mtambo wenyewe: adui auone, aushike mkononi, na bado asiweze kusoma bila ufunguo. Mimi napenda zaidi sharti jingine ambalo halitajwi sana. Alisema ufunguo uwe kitu ambacho wanaoandikiana wanaweza kukibadilisha wakati wowote wakitaka. Kibembe hakipiti mtihani huo. Hakuna lugha inayopita.

Simu zetu zinapita. Tangu Aprili 2016 meseji za WhatsApp zinafumbwa kutoka simu hadi simu, ndiyo yale maandishi madogo mwanzoni mwa mazungumzo ambayo hakuna anayeyasoma. Ufunguo ni namba ndefu sana ambayo simu inaitengeneza yenyewe. Hakuna mtu anayeikariri, na kampuni inayopitisha meseji inapitisha kitu kisichosomeka. Kwa watu wawili jambo hili lina njia yake ya zamani: Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha mwaka 1976 namna ya watu wawili kupatana ufunguo huku wakisikilizwa na kila mtu, na mpaka leo nikiifikiria naiona kama mazingaombwe. Shida inakuja wakiwa watatu. Wakiwa wawili, mmoja akiondoka hakuna kundi tena. Wakiwa watatu, mmoja akiondoka, wawili wanabaki na siri ambayo wa tatu anaijua.

Katika grupu la WhatsApp, kila mwanachama ana ufunguo wake wa kusemea. Simu yake inaupeleka kwa kila mwenzake mmojammoja, ukiwa umefumbwa, na baada ya hapo anachosema kinafumbwa kwa huo. Mtu akilefti au akitolewa, simu za waliobaki zinatupa funguo zao, zinatengeneza nyingine, halafu zinagawiana upya, isipokuwa kwa yule aliyeondoka. Yote yanafanyika bila mtu kubonyeza kitu. Wewe unaona kamstari kadogo tu kwamba fulani ameondoka.

Kwa kundi kubwa hiyo ni kazi nzito. Chukua watu 1,024 wanaotumia ufunguo mmoja. Mmoja ameondoka, ufunguo lazima ubadilike, na ukitaka kumpelekea kila aliyebaki wa kwake unafunga vifurushi 1,023. Kesho anaondoka mwingine, unaanza upya. Mwaka 1998 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Chung Kei Wong, Mohamed Gouda na Simon Lam, walieleza namna ya kupanga funguo kama mti, na mtu wa kambini anauelewa mti huo haraka, kwa sababu tunaishi ndani yake: kambi, zoni, kijiji, nyumba. Fikiria kila ngazi ina kufuli lake. Mimi nina ufunguo wa nyumba yangu, wa kijiji changu, wa zoni yangu na wa kambi nzima. Wa kijiji cha jirani sina. Familia moja ikiondoka, funguo walizozijua ni zile za njia yao tu, kutoka mlangoni kwao mpaka juu. Hizo ndizo zinabadilishwa. Zoni nyingine hazisumbuliwi: unauchukua ufunguo mpya wa kambi, unaufungia ndani ya ufunguo wa zoni ambao walioondoka hawakuwahi kuushika, unatuma mara moja, zoni nzima imepata. Katika mti ambao kila tawi linagawanyika mara mbili, vile vifurushi 1,023 vinashuka mpaka kama 20. Kanuni ya kimataifa inayotumia mti wa namna hiyo kwa meseji za makundi, iitwayo MLS, ilitolewa Julai 2023 kwa namba RFC 9420.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya kitu kimoja. Mtambo haumuulizi aliyeondoka kwa nini ameondoka. Haujui kama alitukana watu, au amepata kibarua, au amefiwa. Jina likitoka kwenye orodha, ufunguo unabadilika, basi. Anayependwa na anayechukiwa wanatendewa sawasawa.

Sisi je? Kuna grupu moja la vijana wa kujitolea ninalolifahamu. Mmoja wao aligombana na wenzake kuhusu pesa ya motisha. Alitolewa jioni ileile, hata ugali haujaiva. Mwingine, mtu wa watu, mpiga gitaa, alipata safari ya Marekani. Walimsindikiza, walilia, na miaka miwili baadaye jina lake lilikuwa bado limo. Wote wawili walikuwa wanaona ripoti zilezile: mtoto gani halali nyumbani kwao, mama gani amehamishwa usiku na sasa yuko kijiji gani. Yule wa kwanza haoni tena. Huyu wa pili anaona, amesimama kwenye kituo cha basi kwenye baridi huko alipo, habari za mama ambaye hamjui hata kwa sura.

Ukibadilisha ufunguo kwa wabaya tu, kila kubadilisha kunakuwa hukumu. Na kukishakuwa hukumu, huwezi tena kumfanyia mtu mwema bila kumwaibisha, kwa hiyo wema wote wanabaki kwenye orodha, mpaka orodha inakuwa ndefu kuliko kazi. Kanuni inayomgusa kila mtu haimtukani mtu. Nesi ananawa mikono akitoka kwa mgonjwa yeyote, hata kama mgonjwa ni mama yake mzazi, na mama hanuni.

Nilipoyasema haya kwenye kikao, papa mmoja mwenye umri wa baba yangu alinijibu hivi: "Mwanangu, kwetu mtu haondoki, anasafiri tu. Yule aliye Marekani ndiye aliyetuma pesa ya sanduku mzee wake alipofariki. Leo umtoe kwenye grupu, umwambie nini? Kwamba amekufa?" Watu walipiga makofi, na mimi nilielewa kwa nini. Watu wa kambi tumeshapoteza vitu vingi kwa kufutwa kwenye orodha. Orodha ya chakula, orodha ya nyumba, orodha ya waliohojiwa. Mtu akisikia neno "toa jina" moyo unaruka kabla ya akili.

Lakini papa alikuwa anaongelea undugu. Grupu la undugu lina sheria yake, na sheria hiyo ni kwamba mtu haondoki hata akihamia mwezini. Huko sina neno. Grupu la kazi ni kitu kingine. Habari zilizomo si zetu. Ni za yule mama aliyehamishwa. Sisi tumeshikishwa tu, kwa sababu ya kazi, kama mtu anavyoshikishwa ufunguo wa stoo ya dawa. Akihama kituo anaurudisha, na hakuna anayesema amefutwa katika ukoo. Nilimwambia papa hivyo. Akasema, "Sawa, lakini mmwambie vizuri." Hapo tulikubaliana.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Tangu 2017 mabasi yamekuwa yakiwarudisha Warundi kwao. Anayepanda basi anabeba na simu yake. Njiani, au kule anakofika, anaweza kukutana na mtu mwenye bunduki au mwenye muhuri akaambiwa: fungua tuone. Sisemi kila mtu anakutana na hayo. Nasema yule anayekutana nayo hana pa kukimbilia, na kama grupu la kazi bado liko hai mfukoni mwake, meseji ya asubuhi ile inaingia mbele ya macho ya anayemhoji. Ataulizwa huyu ni nani, anakaa wapi, kwa nini amejificha. Akikataa ataumia yeye, akisema ataumia mwingine. Nani alimweka kwenye njia panda hiyo? Ni wenzake waliompenda wakaona aibu kumtoa.

Tumezoea kufikiri kwamba kumwamini mtu ni kumwongezea siri. Mara nyingine kumpenda mtu ni kumpunguzia. Asichokuwa nacho hawezi kulazimishwa kukitoa. Kwa hiyo mimi ufunguo unapobadilika nyuma ya anayeondoka nauona kama kumtua mzigo, na ni vizuri aambiwe hivyo kabla hajapanda basi.

Sasa nifike pale hesabu inapokwama. Ufunguo mpya unafunga yajayo tu. Ya nyuma yako kwenye simu yake, yamekaa. Unaweza kuweka meseji zijifute, WhatsApp inatoa saa 24, siku 7 au siku 90, na grupu la kazi lisilotumia hata siku 90 mimi silielewi. Lakini skrinshoti ikishapigwa haijifuti. Na hata simu ikianguka kwenye choo cha shimo ikapotea kabisa, kichwa kinabaki. Aliyesoma kwamba mtoto fulani halali kwao atakufa analijua. Hakuna mti wa funguo unaofika huko.

Je, aliyeondoka anadaiwa nini? Vijana wengi ninaoongea nao wanasema ukiacha kazi umemaliza, hakuna mkataba tena. Sikubaliani. Mkataba ulikuwa na shirika, siri ilikuwa na mtu. Shirika linaweza kufunga ofisi, mradi unaweza kuisha mwezi wa kumi na mbili kama miradi yote, lakini yule mama bado anakaa hapa na bado anaogopa. Deni linaisha hofu yake ikiisha, na yeye ndiye anayejua siku hiyo. Nakiri ni deni zito kwa kijana aliyekuwa analipwa motisha isiyofikisha bei ya gunia la mahindi. Ndiyo maana asipewe siri nyingi kuliko anazohitaji tangu mwanzo.

Upande wa anayeingia nao una mambo yake. Mtambo unasema: mgeni asisome ya nyuma. Watu wengi wanaona huo ni ubaguzi. "Mimi ni mwenzenu au si mwenzenu?" Nachukua mfano, na nimebadilisha mambo ili mtu asijulikane. Binti anakuja kwa dada mmoja wa kujitolea, anamwambia, "Yaya, nataka kusema kitu, lakini kisifike kwa watu wengi." Dada anamwambia kitafika kwa watu wanne, anawataja. Binti anafikiri, anakubali. Miezi miwili baadaye mmoja wa wale wanne anahama, anakuja wa tano. Wa tano ni jirani wa mjomba wa binti. Je, yule binti alimkubali wa tano? Alikubali watu wanne kwa majina. Hakukubali nafasi nne ambazo atakaa yeyote atakayeajiriwa.

Hapa hesabu ina adabu kweli. Inachukulia kwamba anayesema anasema na waliopo, na atakayekuja kesho hana sehemu katika yaliyosemwa jana mpaka apewe. Ofisi za karatasi zinafanya kinyume kabisa. Faili linabaki kwenye kabati, na anayerithi meza anarithi kila kitu kilichomo. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili wanajua ninachosema. Mikataba ni mifupi, anaondoka huyu anakuja yule, na mtu aliyesimulia jambo lake mara moja anakuta limesomwa na watu saba, wengine amekutana nao kisimani.

Lakini hesabu peke yake ingeua mtu. Kama wa tano hajui kwamba nyumba ile ina hatari, atampeleka binti nyumbani kwa mjomba kwa mkono wake, kwa nia njema. Kazi lazima iendelee na kazi inahitaji kumbukumbu. Mimi naona njia ni moja, na ni ya polepole: mwenye habari aulizwe. "Fulani amehama, amekuja fulani, tumwambie au tusimwambie?" Akisema ndiyo, aambiwe kwa mdomo, kiasi cha kumlinda. Akisema hapana, wa tano apewe kazi nyingine. Najua jibu la ofisi: hatuna muda. Muda wa kumfungulia binti faili upya kila robo mwaka na kumuuliza maswali yaleyale upo, huu wa swali moja ndio haupo?

Nirudi kwenye simu, kwa sababu kuna jambo ambalo waliopiga hesabu hawakuishi nalo. Ufunguo unakaa ndani ya simu. Wao wanachukulia simu moja ni mtu mmoja. Hapa simu moja ni nyumba nzima: baba anapiga asubuhi, mtoto anacheza gemu mchana, jioni mama anatumia kuongea na ndugu yake. Simu inawekwa rehani dukani, inauzwa sokoni na laini ndani. Na kila siku inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye sola, inalazwa mezani pamoja na nyingine thelathini, inaita, inawaka, meseji zinapita juu ya kioo. Ufunguo uliotengenezwa kwa hesabu ya vyuo vikubwa unashinda kwenye kibanda cha kuchaji kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Mwenye kibanda ni mtu mwema, lakini hakuna aliyemchagua kuwa mwanachama.

WhatsApp inaweza kukuonya kwamba msimbo wa usalama wa mwenzako umebadilika, kama umewasha arifa hizo. Maana yake ni kwamba mwenzako amesajili upya, mara nyingi kwa sababu ana simu mpya, na mara chache kwa sababu mtu mwingine ameichukua namba yake. Mtambo unajua kwamba kitu kimebadilika, haujui ni kipi. Kujua ni kazi ya mtu: unampigia, unasikia sauti, unamuuliza mama yake anaendeleaje. Katika vijana ishirini niliowauliza, wawili ndio waliowahi kuiona arifa hiyo, na mmoja alidhani ni tangazo la biashara.

Na orodha ya wanachama inashikwa na nani? Januari 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba aliyeshika seva ya WhatsApp angeweza kuingiza mtu kwenye grupu bila ruhusa ya admini, kwa sababu orodha ya wanachama haikulindwa kwa nguvu ileile inayolinda meseji. Mtu akiisha kuingia hivyo, simu za wengine zinampa funguo kwa hiari yao, kwani zinaona ni mwenzao. Tangazo kwamba fulani ameongezwa lingeonekana kwenye grupu. Lakini kwenye grupu la watu 180, nani anasoma matangazo hayo? Watu wanashtuka kusikia habari ya seva, na mimi nashangaa wanaposhtuka, maana grupu nyingi hapa zina maadmini watano, kila mmoja anaongeza shemeji yake, na hakuna haja ya mdukuzi kutoka nje. Kufuli ni zima, lakini funguo tunagawa wenyewe mlangoni.

Kuna pingamizi moja ambalo sijaweza kulivunja lote. Ni la dada mmoja mwenye akili kali, aliyesomea ualimu. Anasema: "Wewe unapenda mambo yajifute na watu watoke. Lakini sisi ni watu ambao kumbukumbu zetu zimeshateketea mara ngapi? Vijiji vilichomwa na madaftari yake. Kambi hii ikifungwa kesho, nani atakuwa na ushahidi wa yaliyotokea hapa? Yule aliye Marekani na grupu lake la zamani kwenye simu." Nilikaa kimya. Ni kweli kwamba mtu aliye mbali hafikiwi na mkono wa hapa, na kwamba waliotenda mabaya wanafurahi meseji zikijifuta.

Jibu langu la nusu ni kwamba shahidi anachaguliwa. Mwenye jambo aseme: nataka fulani aliyeko nje anitunzie hili, mpaka siku nitakapolihitaji. Hapo fulani anajua ameshika nini, kwa ajili ya nani, na anaweza kukataa. Kumwacha mtu kwenye orodha kwa kusahau, halafu kumwita shahidi, si sawa kwake wala kwa mwenye jambo. Dada akaniuliza: na mwenye jambo akiwa mtoto wa miaka tisa, anachagua vipi? Bado nalifikiria hilo.

Lile grupu la vijana limeandika makubaliano kwenye daftari, kurasa mbili, kwa mkono. Anayeacha kazi anatoka siku hiyohiyo, awe nani, na anaagwa kwa soda kama kuna pesa. Anaingizwa kwenye grupu jingine, la salamu na misiba, ambalo halina ripoti. Anayeingia haelezwi ya nyuma mpaka mwenye habari akubali. Maadmini wamepunguzwa mpaka wawili. Kuhusu kibanda cha sola hawajaelewana. Wengine wanataka simu za kazi zichajiwe ofisini kwa shirika, na ofisi inafungwa saa tisa alasiri. Wengine wanasema kila mtu aweke namba ya siri na kuzima meseji zisionekane juu ya kioo, na hapo wenye simu za familia wanauliza namba hiyo watawaficha vipi watoto wao, ambao ndio waliowafundisha kutumia simu.